Ilani ya Unyago wa Pili

Sisi tulifundwa. Wengine wetu tulifungiwa ndani, ngoma ikalia nje, kungwi akatukalisha mkekani na kutuambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka mbele ya bintiye. Wengine tumetoka makabila yasiyo na unyago; sisi tulifundwa kwenye kicheni pati, ukumbini, somo kashika kipaza sauti, mabeseni na masufuria ya zawadi yamepangwa pembeni. Njia zilikuwa mbalimbali, ila hakuna aliyetuacha tuingie chumbani kwa mume bila kuambiwa neno.

Kisha tukaugua. Saratani ya mlango wa kizazi, ya titi, ya ovari, ya utumbo mpana. Tukakatwa, tukatundikiwa dripu, tukapigwa mionzi. Wapo tuliopona, wapo tulioongezewa miaka. Siku ya kuruhusiwa tulipewa tarehe ya kurudi kliniki na mfuko wa dawa, tukapanda basi. Tulirudi kwenye kitanda kilekile na mwili ambao si uleule, na safari hii hakuna aliyetufunda.

Kwa hiyo tumekusanyika. Tunaanzisha vuguvugu tunaloliita Unyago wa Pili, na hii ndiyo ilani yake.

Sisi ni nani

Sisi ni wanawake tuliokutana kwenye mabenchi: benchi la kusubiri mionzi, benchi la famasi, benchi la stendi alfajiri. Tumetoka Mtwara, Kigoma, Tanga na Mbeya. Wengine tumevuka bahari kutoka Unguja na Pemba. Mashine za mionzi ziko katika miji michache, basi wengi wetu tuliziacha nyumba zetu kwa wiki nyingi, tukalala kwa ndugu wa mbali au kwenye hosteli, simu ikiwa ndiyo ndoa. Kati yetu wamo walioolewa, wajane, walioachwa, na mabinti ambao hata posa bado. Wamo wengi wanaoishi na VVU, na hilo lina sababu: mwanamke mwenye VVU yumo katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye navyo. Wamo wauguzi waliochoka kunyamaza. Wamo waume wachache ambao siku ya kwanza walisimama mlangoni, siku ya pili wakaingia wakakaa.

Wala hatuko wachache. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika na saratani ya mlango wa kizazi, na karibu 350,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwetu Tanzania hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake, na makadirio ya kila mwaka yanapita wagonjwa wapya 10,000. Hapo hatujahesabu titi, ovari wala utumbo.

Tuliyoyaona

Hesabuni nasi. Kwa kawaida mionzi ya nje ya saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kama mara 25, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Baada ya hapo, au katikati yake, huja mionzi ya ndani, ambapo kifaa huingizwa ukeni. Mara 25 tulivua, tukalala chali, kiuno kikachorwa alama, tukaambiwa tusitikisike. Watu tusiowajua majina waliuona utupu wetu mara nyingi zaidi kuliko waume zetu walivyouona mwaka mzima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi hatukuficha. Lakini faili letu lina mstari wa uzito, mstari wa presha na mstari wa wingi wa damu. Mstari wa unyumba haumo.

Mmoja wetu alijipa moyo akauliza: "Daktari, naweza kukutana na mume wangu?" Akajibiwa: "Mama, wewe shukuru Mungu umepona." Alishukuru. Jibu hakulipata.

Wa pili alipofika nyumbani alikuta mumewe ameshatandika godoro sebuleni. Mume aliamini mionzi imebaki mwilini mwa mkewe na itamuunguza, akaona haya kulisema. Mke aliamini anachukiwa, akaona haya kuuliza. Miezi minne waliishi hivyo, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kupitia ukuta.

Wa tatu alifundwa kwamba mke hanyimi unyumba, naye hakunyima. Alibana meno usiku baada ya usiku. Damu ilipomtoka alidhani ugonjwa umerudi, na kwa hofu ya kuambiwa hivyo akaacha kwenda kliniki.

Wa nne ana miaka 27 na titi moja. Alivunja uchumba mwenyewe kabla mchumba hajaambiwa kitu, ili asije akaachwa. Mchumba mpaka leo hajui alikosea wapi.

Tumevitazama visa hivi pamoja, tukilia na mara nyingine tukicheka, na katika kila kimoja tumeona pengo lilelile: sentensi mbili tatu za mtu anayejua, zilizosemwa mapema, zingebadilisha mambo. Hazikusemwa.

Mwili uliorudi nyumbani

Kungwi wa kwanza alianza na mwili. Nasi tunaanza hapo, kwa maneno ya wazi, maana haya ndiyo tuliyopaswa kuambiwa.

Mionzi ya nyonga huzima ovari. Mwanamke aliyeingia matibabuni akiona siku zake hutoka akiwa amekoma hedhi, hata kama ana miaka 34. Mwili humfuka moto ghafla usiku, usingizi hukatika, na uke hukauka. Juu ya ukavu huo, mionzi hufanya ngozi ya ndani ya uke kuwa nyembamba na ngumu. Kuta zake zinaweza kushikana, uke ukafupika na kubana. Maumivu yanayotokana na hapo yana chanzo mwilini. Si deko, si jini mahaba, wala si dalili kwamba mke ana mwingine.

Kwa hayo yote lipo la kufanya. Ukavu husaidiwa na kilainishi cha maji, kile ambacho madukani wengi hukiita jeli. Mafuta ya nazi na losheni hudhoofisha kondomu ya mpira, kwa hiyo anayetumia kondomu asivichanganye. Ipo krimu ya homoni ya kupaka ukeni. Kwa wengi waliougua saratani ya mlango wa kizazi haikatazwi, ila aliyeugua saratani ya titi amuulize kwanza daktari wake wa saratani. Na uke unaobana una kifaa chake: kijiti laini cha plastiki au silikoni, ncha yake ya duara, kinachotengenezwa kwa ukubwa tofauti. Wiki chache baada ya mionzi, muuguzi akisharidhika kwamba vidonda vimepona, mwanamke hukipaka jeli na kukiingiza taratibu, dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa wiki. Asiyekipata hutumia kidole safi chenye jeli. Zoezi hili ni la kila mwanamke aliyepigwa mionzi ya nyonga, awe na mume au asiwe naye, kwa sababu uke ukifunga daktari naye hawezi kumpima vizuri siku za mbele.

Aliyekatwa titi hupoteza zaidi ya umbo. Kifua huweza kufa ganzi, mkono huweza kuvimba, na pale palipokuwa na raha panakuwa na kovu. Dawa za kuzuia homoni, anazomeza kwa miaka mitano au zaidi, nazo zinaweza kukausha uke na kupunguza hamu. Mwambieni hivyo siku anapopewa kidonge cha kwanza, asije akadhani amekwisha kuwa mzee au amerogwa.

Aliye kwenye dripu za kemo atumie kondomu katika siku chache zinazofuata kila dripu, kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka na majimaji ya mwili, na ajikinge na mimba kipindi chote cha matibabu. Chembe za damu zikiwa zimeshuka sana, asubiri ruhusa ya daktari.

Na waume wasikie hili kwa sauti kubwa. Saratani haiambukizwi kwa kulala na mkeo. Mionzi ya nje haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha. Ile ya ndani tunayopewa kliniki, chanzo chake kikitolewa, huondoka nacho. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, huambukizwa kwa kujamiiana, lakini ni cha kawaida mno kiasi kwamba wengi wanaofanya tendo hilo hukipata wakati fulani wa maisha na mwili hukiondoa wenyewe. Kuwa nacho si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote. Na kurudiana kitandani hakuiamshi saratani.

Tunayoyaamini

Tunaamini kwamba unyumba ni sehemu ya afya. Mkutano wa Cairo wa mwaka 1994 uliiweka raha salama ya tendo la ndoa ndani ya maana ya afya ya uzazi. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania imeiridhia, inaitambua haki ya mwanamke kwa afya hiyo. Hatuombi kitu kigeni.

Tunaamini kwamba unyumba ni mpana kuliko tendo. Ni kukandwa miguu, ni kuogeshwa mgongo, ni kulala kifua kwa kifua, ni utani wa watu wawili usiku. Mwanamke asiyeweza tena kuingiliwa hajatolewa katika ndoa, na asiyetaka kabisa ana haki ya kutotaka bila kuombwa maelezo.

Tunaamini kwamba mwanamke ambaye hatapona naye anahesabika. Kwake mara nyingi kikwazo cha unyumba ni harufu na majimaji, naye hujitenga kabla hajatengwa. Dawa ya kupunguza harufu hiyo ipo, nayo ni metronidazo, inayojulikana katika kila zahanati. Kikwazo kingine ni nyumba iliyojaa wauguzaji. Tunasema: mfungieni mlango yeye na mumewe, walau saa moja. Mambo ya uji yatasubiri.

Tunayoyakataa

Tunakataa jibu la "shukuru Mungu." Kushukuru tunajua. Anayeuliza kuhusu maji hajibiwi kwamba amshukuru Mungu kwa chakula.

Tunakataa shabu, ndimu, ugoro na dawa nyingine za kubana uke. Tunakataa kujifukiza udi kwa chini juu ya ngozi iliyoungua kwa mionzi. Tunajua vitu hivi hutolewa kwa mapenzi na mashangazi zetu. Hata hivyo vinakausha na kuchuna pale ambapo tayari pamekauka na kuchunika.

Tunakataa fundisho kwamba mke mwema huvumilia maumivu. Kungwi aliyesema hivyo alikuwa anamfunda mwari mzima wa mwili. Hakutuona sisi.

Tunakataa kuhesabiwa nusu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, asilimia 90 ya waliokutwa na ugonjwa watibiwe. Tunayaunga mkono, na mabinti zetu tunawapeleka wenyewe kwenye chanjo. Lakini katika namba hizo tatu, aliyetibiwa amefika mwisho wa hesabu. Kwetu sisi ndipo siku ya kwanza ilipoanzia.

Tunayoyadai

1. Mstari mmoja katika faili. Kila mwanamke mwenye saratani aulizwe kuhusu unyumba kabla ya matibabu, katikati, na katika kila kliniki ya marudio, na jibu liandikwe kama presha inavyoandikwa. Aulizwe faraghani, mlango umefungwa, ndugu aliyemsindikiza akiwa nje.

2. Maelezo kabla ya saini. Anayetia saini fomu ya mionzi au upasuaji aambiwe nini kitatokea kwa uke wake, hedhi yake na uwezo wake wa kuzaa. Kama kuhamisha ovari kutoka njia ya mionzi kunawezekana, aambiwe wakati bado kunawezekana.

3. Muuguzi mmoja kwa kila kliniki ya saratani, aliyefunzwa jambo hili. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Annon, alieleza mwaka 1976 ngazi nne za kazi hii: kumpa mtu ruhusa ya kuzungumza, kumpa maelezo machache, kumpa ushauri unaomhusu yeye, na kumpeleka kwa mtaalamu. Ngazi ya kwanza haihitaji mashine wala bajeti. Inahitaji kiti na dakika tano.

4. Jeli, krimu na kifaa cha kutanua uke viwe katika orodha ya dawa na vifaa vya matibabu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeahidi huduma kwa kila mtu. Mkono bandia hakuna anayeuita anasa. Visiitwe anasa na hivi.

5. Siku ya waume. Kila kliniki itenge siku mume aitwe, aketi, aulize la aibu na kujibiwa na mwanamume mwenzake anayejua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaja ndoa kuwa muungano wa hiari unaokusudiwa kudumu maisha yote ya wawili hao. Hatuwezi kumdai mtu kudumu katika jambo ambalo hajaelezwa.

6. Mimbari na madhabahu. Mashehe, mapadri na wachungaji, ninyi ndio mnaofuatwa usiku ndoa inapoyumba. Jifunzeni neno moja la kumwambia mume: maumivu ya mkeo ni ya ugonjwa, na subira yako ni ibada.

7. Lugha ya kwetu. Vijikaratasi vya maelezo viandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka na mama aliyeishia darasa la saba. "Uke" ni neno la heshima. Liandikwe.

Kwa makungwi na masomo

Kwenu tunakuja na kanga mpya, kama mwari anavyokwenda kwa somo wake.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Nyumbani alijulikana pia kwa ngoma ya unyago na kwa wasichana aliowafunda. Kazi ile ilikuwa elimu ya mwili kwa lugha ya nyumbani, inayotolewa na mwanamke kwa mwanamke, na hakuna aliyethubutu kuicheka. Daktari anajua seli kuliko ninyi. Ninyi mnajua namna ya kumkalisha mwanamke chini akasema lililo moyoni, jambo ambalo wengi walioko kliniki hawana muda wala maneno yake.

Tunawaomba mambo mawili. La kwanza, mje mfundwe nasi: mjifunze mionzi hufanya nini, kemo hufanya nini, na dawa zipi za kikwetu mwanamke aliyetibiwa aziepuke. La pili, mgeuze somo. Unyago wa kwanza ulimfundisha mwari kumsikiliza mume. Huu wa pili umfundishe mke kusema: hapa panauma, hapa hapaumi, leo sitaki, leo nataka, tuweke mto hapa, tuanze polepole. Ukitaka kujua kama mwari amefuzu, msikilize kama anaweza kuyatamka hayo taa ikiwa inawaka.

Tunayoahidi

Tunaahidi kwamba kila mwanamke atakayekuja kwetu atapata somo wake, mwenzake aliyepitia matibabu yaleyale, atakayempigia simu katika wiki ya kwanza ya kurudi nyumbani na kumuuliza bila kuzunguka. Tunaahidi kwamba yatakayosemwa mkekani yatabaki mkekani. Mjane hatutamuuliza anataka jeli ya nini. Binti asiyeolewa hatutamwambia asubiri ndoa ndipo ajue mwili wake. Mwenye kufa hatutamwambia kwamba hayo si ya wakati huu. Na wataalamu hatutawageuza maadui: wametuponya, na tunaodai ni watu waliobaki hai kwa mikono yao.

Hatuna ofisi. Tuna mkeka, kifaa kimoja cha kuonyeshea, na boksi la jeli tulilochangishana. Hatujangoja ruhusa ya mtu, kwani kungwi naye hakuwahi kuajiriwa.

Wewe unayesoma haya ukiwa benchini, kadi mkononi, ukingoja jina lako liitwe: hatua ya kwanza ya vuguvugu hili ni yako, na ni leo. Ukiingia ndani, daktari atakuuliza kuhusu damu, atakuuliza kuhusu choo, atakuandikia dawa. Atakapotaka kufunga faili, weka mkono wako juu yake na useme: "Daktari, bado jambo moja."